Mgongo wa Hulugho na mikono ya mkandaji

Ukipita Nyali au Diani siku hizi, hutembei mbali kabla hujaona bango la masaji: mara ya mwili mzima, mara ya miguu, mara ya kuondoa uchovu wa ofisini. Ufukweni nako kina mama wamekaa na chupa zao za mafuta ya nazi wakimngojea mgeni. Ni kazi na inalisha watoto, sina neno nayo. Ila imetujaza fikra kwamba kukandwa ni starehe ya mwenye nafasi, kitu cha mtalii na cha biarusi. Nenda Hulugho, fikra hiyo haitamaliza siku moja.

Kwa asiyeijua, Hulugho si mbali na sisi kama inavyodhaniwa. Iko kusini mwa kaunti ya Garissa, upande wa Ijara, na msitu wa Boni ndio unaoigawanya na jirani zake wa Lamu. Mashariki yake ni mpaka wa Somalia, na mji mdogo wa Kolbio uko papo hapo mpakani. Wakazi wengi ni Wasomali wafugaji wa ng'ombe, na msituni wako Waaweer, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Waboni. Tunaisikia Hulugho redioni pakitokea shambulizi au ukame. Habari za mgongo wa mama wa Hulugho hazitangazwi na mtu, na huo mgongo ndio uliobeba kila kitu.

Tuhesabu kidogo. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, mbali na mtungi wenyewe. Mama akienda kwenye silanga mara mbili kwa siku, kwa wiki moja amebeba kilo 280. Silanga ikikauka, kama zilivyokauka nyingi Kaskazini Mashariki baina ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, uzito ni ule ule na njia inazidi kurefuka. Ongeza kuni, ongeza mtoto mgongoni, ongeza kwa familia za kuhamahama kazi ya kuivunja na kuisimamisha nyumba ya aqal, kazi ambayo kwa desturi ni ya mwanamke. Wanaume nao wana yao: kutembea na mifugo siku nzima na kuteka maji kisimani kwa mikono. Mwenye punda na mkokoteni amepona nusu. Asiye naye, kiuno chake ndicho mkokoteni.

Basi jioni mtu akishindwa kuinuka, anakwenda wapi? Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, ni huduma ya hospitali kubwa, na hospitali kubwa ya rufaa iko Garissa mjini. Masalani pana hospitali, lakini hata kufika huko ni safari, na wakati wa mvua udongo wa Ijara unajulikana unavyoyameza magari. Tena wataalamu kutoka kwingine wana hofu ya kwenda kukaa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti hiyo hiyo ya Garissa, na baada yake walimu wasio wenyeji wakahamishwa kwa wingi. Anayekabidhiwa barua ya kwenda kufanya kazi karibu na mpaka anayakumbuka hayo kabla hajafungua begi.

Kwa hiyo anakwenda kwa bibi wa jirani mwenye mikono. Mafuta ya ufuta au samli kidogo, kitambaa cha maji moto, na vidole vinavyojua panapouma. Sisi Wapwani hatuna haki ya kulishangaa hilo, maana kwetu mzazi hukandwa kwa maji moto mpaka arobaini yake itimie, na Wasomali nao wana siku zao arobaini kama zetu, wanaziita afartan. Bibi huyo ana kitu ambacho hospitali haina: muda. Anamshika mtu nusu saa, anamuuliza habari za watoto, na ni mwanamke anayemkanda mwanamke mwenziwe, sitara ikihifadhika. Hilo la mwisho msilichukulie dogo. Nimesikia ofisini watu wakilalamika kwamba kina mama wa bara lile hawafiki kliniki, kisha hawaulizi ni nani anayewangojea ndani ya kliniki hiyo.

Wala si ushirikina. Disemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Duniani watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na inakadiriwa watafika milioni 843 ifikapo 2050. Katika yaliyopendekezwa mna mazoezi, kumwelimisha mgonjwa, na tiba za mikono, masaji ikiwemo. Katika yaliyokatazwa kuwa ya kawaida ni mikanda ya kufunga kiuno, na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Yaani bibi wa Hulugho yuko upande wa mwongozo. Anayekwenda kinyume ni yule muuza duka la dawa anayemdunga mtu diklofenaki kila wiki bila kumuuliza kama ana presha, vidonda vya tumbo au figo mbovu.

Hapa ndipo panapohitaji ukweli, maana kumsifu bibi ni rahisi na kumsaidia ni kazi. Mikono yake haijapata mtu wa kuiambia ni maumivu gani si yake.

Chukua homa. Mwishoni mwa 2006 homa ya Bonde la Ufa ilianzia Garissa baada ya mafuriko, na Ijara ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kabla haijaisha mwaka uliofuata, zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini. Ugonjwa ule huanza vipi? Homa, kichwa, na maumivu ya misuli na viungo. Mfugaji aliyechinja ng'ombe mgonjwa anarudi nyumbani anasema mwili umechoka, anaitiwa mkandaji. Au chukua brusela, inayopatikana kwa maziwa mabichi na kwa kumshika mnyama anayetupa mimba. Homa inakuja na kwenda, jasho la usiku, mgongo na nyonga zinauma wiki baada ya wiki. Huo mgongo utaukanda mpaka mafuta yaishe, na dawa yake ni antibiotiki za wiki kadhaa mfululizo. Kifua kikuu nacho huingia kwenye uti wa mgongo, kikaula polepole, na mwenye nacho akadhaniwa ana kibiongo cha kazi.

Watu wa Lamu watanielewa haraka. Mwaka 2004 chikungunya iliingia kisiwani na ikakisiwa kuwa imewapata watu kama 13,500, robo tatu ya wakazi. Neno lenyewe ni la Kimakonde, lilitoka kusini mwa Tanganyika ugonjwa ulipotambuliwa mara ya kwanza miaka ya 1952 na 1953, na maana yake ni kujikunja. Wapo waliobaki na viungo vya kuuma kwa miezi. Kukandwa taratibu homa ikishaisha kuliwafaa wengine, lakini siku zile za homa yenyewe kilichotakikana ni maji, mapumziko na mtu wa kuangalia kama ni chikungunya kweli au ni malaria.

Halafu kuna mifupa. Waunga mifupa wapo kila pembe ya nchi hii, na wengine wana ujuzi wa kuheshimiwa. Tatizo kubwa ni kufunga vijiti kwa kubana. Mkono uliovunjika huvimba, na kamba haivimbi pamoja nao. Damu ikikatika, siku chache tu mkono umekufa, na mtoto aliyeanguka na punda anaishia kukatwa mkono kwa mfupa ambao ungepona. Dalili zake hazihitaji mashine. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, ile kamba ifunguliwe saa hiyo hiyo, si kesho mwenye kuifunga akirudi, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Mguu nao una lake. Aliyejifungua karibuni, au aliyekaa kwenye basi siku nzima, akivimba shavu la mguu mmoja likawa moto na linauma, asikandwe kabisa. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuikanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Ni hatari ya kifo cha ghafla. Tumbo la mja mzito pia liachwe, hata kama nia ni kumgeuza mtoto. Na mwenye mgongo akianza kushindwa kuzuia mkojo, au sehemu za mapajani kufa ganzi, au miguu kulegea, hapo hakuna mafuta, hapo ni kutafuta gari usiku ule ule.

Kwa maumivu ya kawaida, yale ya mzigo na uchovu, mtu ana mengi ya kujifanyia mwenyewe. Usilale kitandani siku nzima ukidhani unaupumzisha mgongo, unaukaza. Tembea kidogo kidogo. Kitambaa cha maji moto kwa robo saa kinatosha, na mwenye kisukari ajaribu joto kwa mkono wa mtu mwingine kwanza, kwa sababu miguu yake huenda haisikii na ataungua bila kujua (hili nalisema kwa Mombasa na Malindi zaidi kuliko kwa Hulugho, maana sukari imetukaa). Mpira mdogo wa watoto ukiuweka baina ya mgongo na ukuta, ukaviringika nao polepole kando ya uti, si juu ya uti wenyewe, unafanya nusu ya kazi ya mkandaji. Ukilala ubavu, tia mto baina ya magoti. Mtungi uinuliwe kwa kukunja magoti na kuukumbatia karibu na tumbo, na ikiwezekana lita 20 ziwe kumi huku na kumi huku. Anayeumwa sana asilazimishe rukuu na sijda. Dini imempa ruhusa ya kusali akiwa amekaa, na wazee wengi wanajitesa kwa kuona haya tu.

Sasa upande wa serikali, na sitakawia hapo. Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Sheria ya 2014 iliwawekea wataalamu wa fiziotherapia baraza la kuwasajili. Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima ya tiba za asili na tiba mbadala, ikitaka ziwe na chombo cha kuzisimamia. Karatasi ni nzuri. Bibi wa Hulugho hayumo katika baraza la kwanza na hajasikia habari za la pili.

Lakini ipo njia fupi ambayo haingoji bunge. Septemba 2023 Rais alizindua wahudumu wa afya wa jamii 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Hao ni wenyeji, hawaogopi kukaa kwao, wanaongea lugha ya pale. Kaunti ya Garissa ikimtoa mtaalamu mmoja wa fiziotherapia siku tatu, awe mwanamke, akaketi Hulugho na wahudumu hao pamoja na wakandaji na waunga mifupa wanaojulikana, gharama yake ni mafuta ya gari, chakula na malazi. Wafundishane. Mtaalamu naye atajifunza, maana hajui mzigo wa kuni unavyofungwa. Mkandaji akitoka hapo anajua kuuliza maswali matatu kabla ya kutia mafuta: una homa, umepungua mwili, mguu umevimba mmoja au yote miwili? Na awe na nambari ya simu ya mhudumu wa kumpigia.

Pingamizi naijua. Wapo madaktari watakaosema kumketisha mkandaji darasani ni kumpa cheti asichostahili. Siwezi kuwalaumu, wao ndio wanaopokea ule mkono uliokwisha kufa. Ila mgonjwa wa Hulugho hachagui baina ya daktari na mkandaji. Anachagua baina ya mkandaji na kulala na maumivu. Mkandaji ataendelea kukanda tukimfundisha au tusimfundishe.

Na lipo la kabla ya yote hayo, ambalo si la hospitali kabisa. Kiuno kinachokandwa leo kesho asubuhi kinarudi silanga na mtungi ule ule. Wagombea wa 2027 watafika Hulugho na magari yao, watatandikiwa mikeka, na wataahidi mengi. Kina mama waliokaa mbele wangewauliza swali moja tu: kutoka mlangoni kwangu hadi maji ni hatua ngapi, na ukichaguliwa zitapungua ngapi?