Thamani ya Nyumba na Ujira wa Dalali

Hakuna askari asiyejua kwamba nyumba ya kambini ni mali ya serikali, na kwamba siku ya kustaafu haina budi kurudishwa. Hata hivyo wako wengi miongoni mwa ndugu zetu wa jeshi na polisi wanaoanza kutafuta makao ya kudumu baada ya kiinua mgongo kupokelewa, mizigo imekwisha kufungwa, na dalali amekwisha kupata habari. Mtu anayenunua kwa haraka ya namna hiyo hulipa bei anayotajiwa.

Tangu Machi 2007, majeshi yetu yalipoingia Mogadishu, posho za huko zimewawezesha askari wengi kununua viwanja Wakiso, Mukono na kwingineko. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini wako walionunua kwa simu wakiwa bado mahandakini, wakiliamini neno la dalali na picha moja tu. Kiwanja ambacho mnunuzi hajakikanyaga, wala hajamtuma mtu wa kuaminika kukikanyaga, hawezi kuijua thamani yake.

Yafaa basi tueleze thamani ni nini. Bei ni ile anayoitaja muuzaji. Thamani ni ile ambayo watu wengine wamekubali kuilipa, hivi karibuni, kwa mali inayofanana na hiyo mahali hapo hapo. Anayetaka kuijua asiulize viwanja vinatangazwa kwa shilingi ngapi, bali vilivyokwisha kuuzwa viliuzwa kwa shilingi ngapi, naye awaulize watu watatu wasiojuana. Kisha apime. Kiwanja kinachoitwa "hamsini kwa mia" ni futi za mraba 5,000, yaani desimali 11 na nusu hivi. Hati lakini huandikwa kwa hekta, na kiwanja hicho kikiwa kamili ni hekta 0.046. Mwenye kuonyeshwa hati ya hekta 0.036 huku akilipishwa hamsini kwa mia amepunjwa zaidi ya moja ya tano ya ardhi, na hesabu hii yaweza kufanywa chini ya mwembe kwa kalamu na karatasi.

Lililo zito zaidi ni aina ya umiliki. Katiba ya mwaka 1995 inatambua aina nne: ya kimila, ya milki huru, ya mailo na ya kukodi. Nyumba mbili zilizo sawa kwa matofali na mabati, moja ikiwa juu ya hati na nyingine juu ya kibanja, hazina thamani moja. Hatumkatazi mtu kununua kibanja. Lakini mwenye ardhi ana haki ya kutangulia kuulizwa, na anayenunua bila idhini yake amejinunulia kesi. Vivyo hivyo, anayenunua hati ya mailo yenye watu juu yake huipokea ardhi pamoja na haki za watu hao. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2010 hairuhusu kuwaondoa ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu ya kutolipa busulu tu. Twalisema hili waziwazi kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa silaha. Sare haimpunguzii haki mwenye kibanja.

Sasa tumgeukie dalali. Hatukubaliani na wale wanaosema kwamba madalali wote ni wezi wafukuzwe. Dalali mwema anamjua muuzaji, anajua mgogoro uliozikwa, naye humwokoa mnunuzi kutembea mwezi mzima. Kazi hiyo yastahili ujira. Tatizo ni jinsi ujira unavyohesabiwa. Tuseme nyumba ni ya shilingi milioni 40 na dalali anapata tano kwa mia, yaani milioni 2. Akipigana mpaka bei ikashuka hadi milioni 36, mnunuzi ameokoa milioni 4 na dalali amepoteza laki 2 kwa bidii yake. Nani atajitaabisha hivyo? Mbaya kuliko hilo ni cha juu: muuzaji ametaka milioni 30, mnunuzi ameambiwa 40, nao wawili hawakutanishwi kamwe. Kwa hiyo mnunuzi adai kuonana na mwenye mali uso kwa uso, wakubaliane mapema na kwa maandishi nani anamlipa dalali na kiasi gani, na malipo hayo yangoje hati ibadilishwe jina.

Anayekopa Wazalendo au Exodus aikumbuke hatari yake. Makato ya mshahara hayasimami eti kwa sababu ardhi imeonekana kuwa ya mtu mwingine.

Mengine ni machache, ingawa hupuuzwa sana. Hati ichunguzwe katika ofisi ya ardhi ya eneo, kwani mhuri wa mwenyekiti wa L.C. I si hati. Mke au mume wa muuzaji atie sahihi ikiwa familia yaishi hapo, maana bila ridhaa hiyo mauzo ni batili. Ushuru wa stempu, moja na nusu kwa mia ya thamani, uwekwe katika bajeti tangu mwanzo: kwa nyumba ya milioni 40 ni laki 6. Wako wanaoandika bei ndogo katika mkataba ili kuukwepa; mambo yakiharibika, hudai mahakamani ile bei ndogo waliyoiandika wenyewe.

Tungewaomba makamanda wa vikosi, kabla ya kikosi kurejea nyumbani na kabla ya orodha ya wanaostaafu kutolewa, wamwalike mpimaji mmoja aliyesajiliwa na wakili mmoja wazungumze na askari kwa saa mbili, kwa Kiswahili, na wake zao wawepo.