Staa, Ule Mkono Kwenye Picha ya Lengai Ni wa Nani?

Picha ilipanda Insta Jumapili asubuhi na mtandao ukawaka. Mrembo mmoja maarufu hapa mjini, yule ambaye haishi mwezi bila kuwa na jambo, kasimama kileleni Ol Doinyo Lengai. Jua linachomoza nyuma yake, mikono iko juu, nywele ziko freshi kama katoka saluni muda huohuo. Kapsheni fupi tu: "Peke yangu. Mlima wa kawaida, ukiamua unaweza." Laiki zikamiminika kama mvua ya masika. Mastaa wenzake wakamwaga mioyo na vimoto, wengine wakamwita simba jike.

Ila Wabongo wana macho. Dogo mmoja akaikuza ile picha, akaona kwenye kona ya kushoto kitu ambacho aliyeikata alisahau kukimaliza: pindo la shuka nyekundu, fimbo, na vidole vinne vya mkono wa mtu. Akauliza, "Peke yako na nani?" Haikupita saa moja, picha ikafutwa. Ikarudi ileile, safari hii imekatwa vizuri. Mkono haupo.

Ishu iko hapo. Mrembo kupanda kapanda kweli, na pongezi zake apewe, maana wengi wanaoponda hawajawahi kupanda hata ngazi za ghorofa ya tatu. Tatizo ni ule mkono.

Kwa asiyeujua, Lengai siyo kilima cha kwenda na hotpoti ya pilau. Uko wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, kusini mwa Ziwa Natron. Ukitoka Mto wa Mbu ni safari ndefu ya vumbi na mawe mpaka kijiji cha Engaresero. Urefu wake unakaribia mita 3,000. Njiani hakuna kibanda cha kulala, hakuna maji ya kuchota, hakuna duka. Watu huanza kupanda karibu saa sita usiku, kwa sababu jua la mchana la Bonde la Ufa halina huruma na mlima wenyewe hauna kivuli. Ni zaidi ya mita 1,500 za kupanda ndani ya usiku mmoja, juu ya majivu yanayoteleza. Unapiga hatua mbili mbele, unarudi moja nyuma. Kushuka nako ni balaa jingine, magoti yanaomba talaka.

Na hapo bado haijatajwa kwamba ni volkano hai. Ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava ya aina ya natrokabonati, nyeusi na nyepesi kama oili chafu, ambayo ikipoa na kupata unyevu inageuka nyeupe. Zamani lava ilikuwa imelijaza lile shimo la kileleni, watu wakawa wanatembea humo ndani. Mlima ukalipuka mwaka 2007 na 2008, sasa juu pamebaki shimo refu lenye kuta zilizosimama wima. Ukingoni hakuna ukuta wala kamba. Na hapohapo ukingoni ndipo mastaa wanaporudi nyuma kidogo, halafu kidogo tena, ili jua likae vizuri kwenye picha.

Sasa swali. Usiku ule wa giza, nani aliyejua wapi majivu yanabeba mtu na wapi yanameguka? Ni mwenye ule mkono. Kwenye mlima ule mara nyingi huyo ni kijana wa Kimasai wa palepale Engaresero, kavaa katambuga za tairi wakati mteja wake kavaa buti za laki tatu. Anatangulia kutafuta njia. Mtu akitapika, anarudi kumshika. Mteja akimaliza maji, anampa ya kwake. Penye mwinuko mkali ananyoosha mkono, uleule uliokatwa. Na kukishapambazuka anageuka mpiga picha: anapewa simu, anaambiwa ainame, asogee, apige tena, hii sijapendeza, rudia. Maana hata ile picha ya "peke yangu" haikujipiga. Simu haikuning'inia hewani.

Kuna la kuudhi zaidi. Stori za chini ya kapeti zinasema yule kijana alilipwa nusu. Nusu nyingine mrembo alisema atailipa kwa tangazo: "Nitakuposti, utapata wateja mpaka ukimbie." Kijana akakubali. Kwake hilo lilikuwa dili la maana, kwa sababu kazi ya kuongoza watu mlimani inaishi kwa jina. Mgeni akirudi kwao akasema "mtafuteni fulani", fulani anakula. Mtu mwenye wafuasi laki kadhaa akilitaja jina lake mara moja tu, huenda msimu mzima ukawa umepona. Akapanda, akashuka, akasubiri aposti. Posti ilipokuja, ndiyo ile aliyokatwa. Kwa lugha ya kawaida ya Kiswahili hilo linaitwa dhuluma. Lingefanywa na bosi wa kiwandani, mastaa haohao wangeandika aya kumi za kumtetea mnyonge.

Wapambe wake wameshatoa povu, na hoja zao ni mbili. Ya kwanza, "wivu tu". Hiyo haina cha kujibu, wivu haukati picha. Ya pili ina uzito kidogo: kwamba mrembo anatangaza utalii wa ndani bure, vijana wengi wameujua Lengai kupitia yeye, kwa hiyo anyamaziwe. Ni kweli vijana wameujua. Lakini wameujua mlima gani? Wameujua mlima wa kawaida ambao mtu anaupanda peke yake akiamua. Mlima huo haupo.

Na uongo huo una bei. Baada ya picha ile, kundi la vijana kutoka mjini lilifika Engaresero limevaa raba za kuendea klabu, kila mmoja na chupa moja ya maji, spika begani. Hawakutaka mwongozaji. "Mbona fulani kapanda mwenyewe?" Walipobembelezwa sana wakakubali kumchukua mmoja kwa watu wote, kwa bei ya kutupa. Saa tisa usiku wawili walikuwa wamekaa chini wanalia, mmoja kateguka mguu. Yule mwongozaji mmoja akabaki kugawanyika katikati ya walioumia, walio mbele na walio nyuma. Wote walirudi salama. Kwa nguvu za nani, picha zao nazo hazikusema.

Ndivyo mnyororo unavyokwenda. Staa anaficha msaada, mfuasi anaamini msaada hauhitajiki, na anayebeba mzigo wa uongo huo ni yuleyule aliyefichwa. Siku mtu akiteleza pale ukingoni, mwongozaji ndiye atakayeitwa mzembe. Kapsheni haitaitwa kutoa maelezo polisi.

Halafu hili neno "peke yangu" kwa mlima ule lina ukakasi wake. Ol Doinyo Lengai kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Kuna watu wanaokwenda pale kusali, kuomba mvua, kuomba watoto. Si lazima mgeni aamini wanachoamini. Ila mtu yuleyule anayevua viatu akiingia msikitini na kuzima simu akiwa kanisani anashindwa vipi kuelewa kwamba hapa napo ni kwa watu? Mlima una wenyewe, na mmoja wao ndiye aliyemshika mkono.

Hata nyayo za palepale chini zinamsuta. Engaresero, karibu na mlima huohuo, kuna mamia ya nyayo za binadamu zilizoganda kwenye majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita. Watafiti wanasema baadhi ni za kundi lililokuwa likitembea pamoja, wengi wao wanawake. Yaani watu wa kale, bila buti wala tochi ya kichwani, walielewa kwamba sehemu ile watu wanatembea na wenzao.

Hakuna anayewakataza mastaa kupanda milima. Wapande Lengai, wapande Meru, wapande Hanang, wapige picha mpaka simu ziishe chaji. Kujimwambafai kidogo ukifika kileleni ni haki ya kila aliyetoka jasho. Wanachodaiwa ni kidogo mno. Mwongozaji alipwe bei kamili kabla ya kupanda, na tangazo liwe nyongeza, lisiwe mshahara. Akiwa tayari kutajwa, atajwe. Ile video ya saa tisa usiku, mtu kakaa chini anahema na anataka kurudi kwa mama yake, nayo ipostiwe, maana ndiyo itakayomfanya mfuasi abebe maji ya kutosha. Na chupa zishuke na walizopanda nazo.

Yule mrembo bado ana nafasi ya kulimaliza hili bila kuita waandishi wala kulia kwenye video. Picha ya kwanza bado anayo kwenye simu yake. Kuirudisha, na vidole vyake vinne, na jina la mwenyewe chini yake, ni kazi ya dakika moja. Dakika ya pili aitumie kutuma ile nusu ya pesa. Mtandao wa simu anao, si ndio aliopostia?