BIBI THATCHER NA HOSPITALI ISIYO NA WAGONJWA

Si kawaida ya mtawala kupanda jukwaani na kuigiza mchezo uliotungwa kwa ajili ya kuifanyia mzaha serikali. Walakini ndivyo ilivyotokea mjini London mwezi Januari 1984, pale Bibi Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliposimama pamoja na waigizaji wawili wa kipindi cha televisheni cha Yes Minister, yaani “Ndiyo, Mheshimiwa Waziri”, akaigiza nao kipande kifupi mbele ya wageni waliokuja kukitunuku kipindi hicho. Katika kipande hicho Waziri Mkuu anaamuru wachumi wote waondolewe serikalini, na Katibu Mkuu anababaika, kwani yeye mwenyewe chuoni alisomea siasa na uchumi. Bibi huyo hakuwahi kuficha kwamba alikuwa mpenzi mkubwa wa kipindi hicho, wala kwamba alikiona kuwa ni picha halisi ya mambo aliyoyajua ofisini.

Tunaleta habari hii ya zamani mbele ya wasomaji wetu kwa sababu yaliyomo ndani ya kipindi hicho hayajachakaa, na kwa sababu cheo cha Katibu Mkuu kinachochekwa humo si kigeni kwetu. Visiwa hivi vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890 hadi Desemba 1963. Mpango wa waziri ajaye na kuondoka, na Katibu Mkuu abakiye na majalada na hesabu za fedha, ni katika mambo yaliyosalia baada ya bendera ya mkoloni kuteremshwa. Aliyewahi kupeleka barua wizarani akaambiwa jalada halionekani hahitaji kufasiriwa mchezo huu.

Kipindi hicho kilitungwa na Antony Jay na Jonathan Lynn, na BBC ilianza kukionyesha Februari 1980. Sehemu tunayokusudia kuizungumza ilionyeshwa mwaka uliofuata, na jina lake lingeweza kutafsiriwa “Jamii Yenye Huruma”. Waziri Jim Hacker anapata habari kwamba iko hospitali mpya mjini London, St Edward’s, yenye watumishi 500 wa utawala na kazi nyinginezo, isipokuwa haina mgonjwa hata mmoja. Anakwenda kujionea. Anakuta wodi zinang’aa, vitanda vimetandikwa, vyombo vya upasuaji ni vipya. Daktari hayupo, muuguzi hayupo, kwani serikali imepunguza matumizi na fedha za tiba hazikubaki. Mtawala wa hospitali anamweleza kwa fahari kwamba hospitali yake ni miongoni mwa zinazoendeshwa vizuri kabisa nchini, na kwamba inagombea tuzo ya usafi yenye jina la Florence Nightingale. Waziri anapohamaki, Katibu Mkuu wake, Sir Humphrey Appleby, anamtuliza kwa hoja kwamba kwanza sharti hospitali iendeshwe sawasawa. Kuwa na wagonjwa wakati huu kungeleta bughudha tu.

Yafaa itazamwe kwa makini kwamba katika hadithi hii hapana mwizi. Hakuna aliyekula fedha, hakuna aliyechelewa kazini, na hesabu zote zinalingana. Taarifa ya hospitali ile ikiletwa mbele ya mkaguzi yeyote, ataipitisha. Kosa limekaa mahali ambapo mkaguzi haangalii, yaani katika swali la hospitali imejengewa nani. Mchezo wa kuchekesha kuhusu rushwa ni rahisi kutunga, na mtazamaji huondoka akijiona mwema kuliko mla rushwa. Huu ni mgumu zaidi, maana kila anayechekwa humo ni mtu mwadilifu anayetimiza wajibu wake kama ulivyoandikwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni porojo za watunzi. Jonathan Lynn amesimulia kwamba baada ya kuuandika mchezo huo waliarifiwa kuwa zilikuwapo kweli hospitali sita za namna hiyo, au majengo makubwa ya hospitali yaliyokaa matupu. Moja ilikuwa Cambridge nayo ilikuwa na mgonjwa mmoja, naye ni matroni wake, aliyejikwaa kwenye majukwaa ya mafundi akavunjika mguu.

Sasa Bibi Thatcher alicheka nini? Hapana shaka alimcheka Sir Humphrey. Aliingia madarakani mwaka 1979 akiamini kwamba watumishi wa serikali ni wengi mno na kwamba wanamzuia waziri kufanya aliyotumwa na wapiga kura. Kipindi kilipomwonyesha Katibu Mkuu anayepindisha maneno mpaka “hapana” ikasikika kama “ndiyo”, aliona ushahidi wa shauri lake. Lakini waziri naye amechorwa humo humo, tena bila kuonewa huruma. Jim Hacker huogopa magazeti kuliko anavyoogopa dhambi. Anapojaribu kupunguza watumishi wa hospitali ile, chama cha wafanyakazi kinatishia kugoma, na kuanzia hapo anachotafuta ni njia ya kujinasua. Njia inapatikana: hospitali inageuzwa makao ya wakimbizi kutoka Cuba. Vitanda vinapata watu, waziri anapata sifa ya huruma, Katibu Mkuu hapotezi mtumishi. Wagonjwa wa London hawakupata kitu.

Maofisa wa Whitehall nao walikipenda kipindi hicho, wakimcheka waziri. Watunzi walipata siri nyingi kutoka kwa watu waliopata kuwa karibu na Waziri Mkuu Harold Wilson, kwa hiyo shabaha yao ilikuwa nzuri, na kila upande uliona mwenzake amepigwa barabara. Nyani haoni kundule. Siku ile ya Januari 1984 Lynn alipopokea tuzo alimshukuru Bibi Thatcher kwa kushika hatimaye nafasi anayostahili katika uwanja wa vichekesho. Kwa masimulizi yake mwenyewe Lynn, ukumbi mzima uliangua kicheko isipokuwa mtu mmoja.

Tusemapo hivyo hatuna maana kwamba Bibi huyo alicheka akakaa. Watumishi wa serikali kuu ya Uingereza, waliokaribia 730,000 alipoingia madarakani, walikuwa chini ya 600,000 alipoondoka mwaka 1990. Kuhusu hospitali alimtaka Roy Griffiths, mkurugenzi wa kampuni kubwa ya maduka ya vyakula, achunguze uendeshaji wake. Griffiths alitoa taarifa yake Oktoba 1983, akaandika kwamba lau Florence Nightingale angepita leo na taa yake katika hospitali za umma, bila shaka angekuwa anamtafuta mwenye madaraka. Alisisitiza vile vile kwamba uongozi uulize wagonjwa na wananchi wanaionaje huduma. Kati ya mapendekezo hayo mawili, la mwenye madaraka ndilo lililoshikwa kwa haraka. Wakaajiriwa mameneja, na katika miaka iliyofuata idadi ya walioitwa mameneja ikapanda sana, ijapokuwa sehemu ya ongezeko hilo ni maofisa wa zamani waliobadilishwa majina ya vyeo. Dawa ya karani ikawa karani wa mshahara mkubwa zaidi. Sir Humphrey asingeweza kupanga vizuri kuliko hivyo.

Maofisa wetu wanaokitazama kipindi hiki wakacheka, nasi hatuwalaumu kwa kucheka, twawaomba wafanye jambo dogo asubuhi ya pili yake. Wachukue taarifa ya mwaka ya hospitali yoyote, iwe ya Unguja au Pemba, wahesabu ni kurasa ngapi wanazopitia kabla ya kumkuta mgonjwa. Majengo, magari, semina na mafunzo vina haki ya kuandikwa, lakini vije nyuma. Ukurasa wa kwanza uwe na safu tatu: waliotibiwa, waliorudishwa bila kutibiwa, na siku ambazo dawa za lazima hazikuwapo. Na safu hizo zijazwe na mtumishi akaaye dirishani wagonjwa wanapopanga foleni, kisha zifike kwa Waziri na kwa Baraza la Wawakilishi kama alivyoziandika, bila kupita kwanza kwa mwenye kalamu ya kusahihisha.