Kitabu kilipokuwa cha umma
Tukitaja vyombo vya habari vya umma, kitabu hatukihesabu. Mwaka 1973 Tanzania ilikihesabu. Katika kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakafungua kitabu cha Kiswahili chepesi: malaria, kichocho, kuhara, maji machafu. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kwa sauti, wakajadiliana, halafu wakashika majembe kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya kitabu: redio ilisema ikanyamaza, kitabu kikabaki kijijini, na ukurasa uliozua ubishi ukasomwa tena. Leo kitabu kimebaki mali ya mwanafunzi, tena cha mtihani. Mkulima anayehangaika na viwavijeshi hutegemea video ya simu, na bando likiisha, maelezo yameisha. Wizara zinazogawa fulana na mabango kila kampeni zichapishe tena vijitabu vya bei ndogo, vifike hadi ofisi ya mtendaji wa kijiji, na kila kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA kipewe nakala zake.