Usiihurumie Raspberi Iliyokwisha Kuzaa

Huenda una mistari miwili mitatu ya raspberi nyuma ya nyumba yako kule Molo, Njoro au Elburgon. Mavuno ya kwanza yalijaza karai, watoto wakala mpaka midomo ikawa myekundu. Sasa unachuma kikombe kimoja tu, tena cha matunda madogo yenye ukungu. Kuna nini?

Mara nyingi kosa si la mbolea wala la miche. Ni huruma. Uliona mimea imestawi, ukaiacha ikawa kichaka.

Raspberi ni jamaa ya ndare, au momonik kwa Wakalenjin, zile ambazo watoto huchuma kandokando ya msitu wa Mau. Mizizi yake huishi miaka mingi, lakini kila ufito una miaka 2 tu. Mwaka wa kwanza hukua, wa pili huzaa, kisha hufa. Ufito uliokwisha kuzaa hautazaa tena hata ukiumwagia samadi ya zizi zima. Hubaki pale ukiziba mwanga na kuwaambukiza wadogo zake ukungu.

Utautambua kwa gome la kahawia linalobambuka, na vikonyo vikavu vya matunda uliyochuma. Ukate chini kabisa, usawa wa udongo, usiache kisiki. Tumia makasi makali ya kupogolea. Panga hupasua, na penye ufa ndipo ugonjwa hupitia. Chagua siku kavu, pangusa makasi kwa spiriti, na fito ulizokata uzichome.

Wengi huishia hapo, kumbe kazi ni nusu. Machipukizi mapya nayo yapunguzwe. Acha fito nene kama 10 hivi kwa kila mita moja ya mstari, zifunge kwenye waya, na zikipita kimo cha mita 1.5 kata ncha. Nyembamba zote ondoa, pamoja na zile zinazochomoza katikati ya njia.

Lakini kabla ya kukata, ujue una aina gani. Heritage, iliyotolewa Marekani mwaka 1969, na Autumn Bliss ya Uingereza huzaa kwenye ncha za fito za mwaka uo huo. Kwa hizo una hiari: kata tu ile ncha iliyozaa, sehemu ya chini izae baadaye, au baada ya mavuno fyeka zote hadi chini usubiri chipukizi. Mimi ningemshauri mama mwenye ng'ombe wa kukama na watoto wa shule afyeke zote. Hakuna kuchagua, na magonjwa hupungua.

Jirani atakuuliza kama umegombana na mimea. Mwambie kule Kericho majani chai hukatwa hadi magotini kila baada ya miaka 3 au 4.

Huku kwetu Januari na Februari huwa kavu, basi jitahidi umalize kabla ya mvua ya masika, ili machipukizi yapate nafasi. Mwaga samadi iliyooza vizuri, funika udongo kwa nyasi kavu. Matunda yakija, chuma asubuhi umande ukishakauka. Lililoiva hutoka lenyewe likaacha kiini cheupe kwenye kikonyo. Likikataa, liache hadi kesho.