Herufi zenye mashavu
Kuna herufi ukiziona unahisi zimeshiba. Cooper Black ni mojawapo: nene, haina kona hata moja kali, na vijiguu vyake vimevimba kama maandazi yaliyoumuka vizuri. Oswald Cooper aliichora Chicago, na kiwanda cha herufi za risasi cha Barnhart Brothers & Spindler kikaitoa mwaka 1922. Mwaka 1966 ilikaa kwenye jalada la Pet Sounds, albamu ya bendi ya Beach Boys. Leo iko ubavuni mwa ndege za easyJet. Itazame o yake kwa karibu: tundu la katikati limelala upande kidogo, kama jicho la mtu anayesinzia. Ucheshi wote umo humo. Lingesimama wima, herufi ingekuwa jiwe tu. Ila ina masharti. Ipe maneno mawili matatu, tena makubwa, basi. Niliwahi kuletewa kadi ya mchango wa harusi iliyoandikwa yote kwa Cooper Black, mpaka namba ya simu ya mweka hazina, kwa saizi ndogo. Matundu yalikuwa yamezibwa na wino, 8 na 6 sikuweza kuzitofautisha. Mchango wangu ukaenda kwa mtu nisiyemjua.