Haibridi ya kifahari: Unalipia nini zaidi?

MFANYABIASHARA anayevuka Namanga, Mutukula au Rusumo kila wiki haitaji kufundishwa hesabu ya mafuta. Ndiyo maana magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, yamewavutia wengi tangu Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mwaka 1997. Sasa wauzaji wanatuambia tuongeze fedha kidogo tupate haibridi ya kifahari. Tuulize kwanza: nyongeza hiyo inanunua nini?

Chukua mfano wa Lexus CT 200h iliyoingia sokoni mwaka 2011. Lexus ni jina la kifahari la Toyota hiyo hiyo. Ukifunua boneti unakuta injini ya lita 1.8 na mfumo wa umeme wa aina moja na wa Prius ya kizazi cha tatu. Nguvu ni zile zile, farasi 134. Kinachobadilika ni siti, utulivu wa ndani, namna gari linavyokamata barabara, na nembo ya mbele.

Kwenye mafuta, la kifahari linashindwa. Vipimo vya serikali ya Marekani viliipa Prius hiyo maili 50 kwa galoni, CT 200h ikapata 42. Kwa hesabu yetu ni kama kilomita 21 kwa lita dhidi ya 18. Katika safari ya kilomita 1,000, Prius inakula lita 47 hivi, mwenzake lita 56. Unalipa zaidi ununue, kisha unalipa zaidi uendeshe.

Forodha nayo haijali kama umependa siti za ngozi. Ushuru hukokotolewa kwa thamani ya gari pamoja na nauli na bima. Kwa Tanzania, ukiweka ushuru wa forodha wa asilimia 25 na juu yake VAT ya asilimia 18, kila dola 1,000 ya ziada inakuwa dola 1,475, kabla ya ushuru wa bidhaa na tozo nyingine. Huo ni mtaji wa mzigo mzima wa mtu.

Sisemi anasa ni kosa. Anayekaa kwenye usukani kutwa nzima anastahili siti isiyomvunja mgongo, na gari tulivu humpunguzia uchovu. Lakini kwa gari lililotumika, anasa ya kweli ni betri nzima. Betri ikichoka, ngozi na redio nzuri havitakufikisha Kampala. Muuzaji anayetaka bei ya kifahari atoe pia taarifa ya kipimo cha betri na dhamana ya maandishi. Akikataa, ujue anauza nembo tu.

Mnunuzi naye ana wajibu. Betri ya magari haya hupozwa kwa hewa inayovutwa kupitia tundu lililo karibu na siti ya nyuma. Wengi wetu hujaza mizigo hapo hadi tundu linaziba, au vumbi linajaa bila kusafishwa. Joto ndilo linaloua betri.

Serikali zetu hazijatusaidia vya kutosha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, wakati Uganda imeweka mpaka wa miaka 15. Gari moja linakuwa halali upande huu na marufuku upande wa pili, ilhali tunajiita soko la pamoja. Tena umri peke yake hautoshi kueleza afya ya betri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kukubaliana kuwa kila haibridi iliyotumika iingie na cheti cha betri kinachotambulika katika nchi zote wanachama. Hilo lingemlinda mnunuzi wa Arusha sawa na wa Mbarara.

Hadi siku hiyo, waungwana, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla ya kuongeza dola kwa ajili ya nembo, mlipe fundi apime betri. Kama Prius na Lexus zina moyo mmoja, nunua ile yenye moyo mzima, na fedha inayobaki irudishe kwenye mzigo.